Imani ya utotoni inapokutoka: mwongozo wa kutulia bila kujidanganya

Kwa wengi haitokei kwa kishindo. Unasali kama ulivyosali maisha yako yote, maneno yanatoka yenyewe, na katikati ya sala unagundua kwamba husemi na yeyote. Unaimalizia, maana kuikatiza unaona ni utovu wa adabu. Kesho yake unajaribu tena. Mimi nilijaribu kwa miaka miwili, na miaka hiyo yote nilikuwa ndiye ninayeombwa kuwaongoza wengine katika sala.

Namwandikia mtu aliyeshafika hapo. Sina nia ya kukurudisha, wala ya kukutoa kama bado umo. Namlenga yule ambaye imani aliyolelewa nayo imemtoka lakini kiu ya roho imebaki, na hajui aipeleke wapi. Hatua zenyewe hazilingani. Nyingine utazimaliza jioni moja, nyingine zitakula miaka.

Hatua ya kwanza: usitangaze

Mtu akigundua jambo zito hutaka kulisema, na ikiwezekana alisemee mezani mbele ya ukoo mzima. Jizuie. Wewe mwenyewe bado hujui unaamini nini, na ukitangaza leo, kesho utajikuta unatetea msimamo uliokuwa nao jana tu.

Ipo sababu nzito zaidi. Tamko la Ulimwengu la Haki za Binadamu la 1948, katika kifungu cha 18, linataja waziwazi haki ya mtu kubadili dini yake. Hata hivyo zipo nchi ambazo sheria zake bado zinaadhibu kuacha dini, na zipo nyumba ambazo hazingoji sheria. Kwa hiyo jiulize: nalala kwa nani? Nani anayenilipia masomo? Kazi yangu iko chini ya taasisi ya dini? Nikisema, watoto wangu watabaki na nani? Ukipata hata jibu moja la kutisha, tengeneza kwanza njia ya kujitegemea. Weka akiba yako mwenyewe, vitambulisho viwe mkononi mwako, simu iwe na nywila, na awepo mtu mmoja nje ya mzunguko huo anayejua ulipo. Kuendelea kuhudhuria ibada kwa muda huku moyo haumo, ili usifukuzwe nyumbani, mimi siuiti unafiki. Ni kujihifadhi.

Usibaki nalo peke yako, lakini. Tafuta mtu mmoja wa kumwambia. Anayefaa ni yule anayeweza kusikia habari nzito bila kuanza kukimbia huku na huku kuirekebisha. Mara nyingi huyo si rafiki wa karibu kuliko wote.

Hatua ya pili: fungua furushi

Hapa ndipo kazi yenyewe ilipo, na ndipo wengi wanapoparuka.

Dini uliyolelewa nayo hukupewa kipandekipande. Ulipewa furushi limefungwa, ukalibeba kichwani tangu hujajua kusoma, na hukuwahi kuona kilichomo ndani. Sasa fundo limelegea, nawe unadhani imekubidi uchague: ulibebe lote au ulitupe lote. Si lazima. Chukua karatasi uigawe sehemu nne. Ya kwanza iwe ya *niliyoyasadiki*: juu ya Mungu, maandiko, miujiza, maisha baada ya kifo. Ya pili *niliyoyatenda*: sala, mifungo, nyimbo, sadaka, siku ya mapumziko. Ya tatu *niliokuwa nao*: majina ya watu hasa, usiandike tu "waumini". Ya nne *niliyoyaogopa*.

Ukimaliza kujaza, pitia jambo mojamoja na uandike kando yake neno moja kati ya haya matatu: *limekufa*, *li hai*, *sijui*. Usilazimishe. Mimi katika sehemu ya kwanza karibu yote niliandika "limekufa", nikajiona nimemaliza. Nilipofika ya pili nikakuta kuimba ni hai, kufunga ni hai, kukaa kimya alfajiri ni hai. Nikaona kwamba nilikuwa nimeomboleza msiba mkubwa kuliko uliotokea.

Kwamba vitu hivi vinaweza kutengana si jambo la ajabu. Mwaka 2007, miaka 10 baada ya kifo cha Mama Teresa, barua zake za siri zilichapishwa, na watu wakashangaa kusoma kwamba kwa sehemu kubwa ya utume wake, karibu miaka 50, alikuwa akisali katika giza na ukavu, asihisi kwamba Mungu yupo karibu. Kazi yake kwa maskini haikusimama. Simleti hapa kama mfano wa kuigwa, maana yeye alibaki ndani ya imani yake. Namleta kama ushahidi kwamba kuhisi, kusadiki na kutenda ni nyuzi tatu, na zinaweza kukatika kila moja kwa wakati wake.

Baada ya hapo geuza karatasi, na nyuma yake uandike: *ilikufaje?* Nimeona njia nne kuu, na kila moja ina dawa yake.

Kuna iliyokufa kwa hoja. Ulisoma, ukalinganisha, mambo yakakataa kukaa pamoja. Mtu wa namna hii husumbuliwa zaidi na upweke wa kichwani; anahitaji watu wa kujadiliana naye bila vitisho.

Kuna iliyokufa kwa jeraha: kiongozi aliyekudhulumu, jumuiya iliyomficha mkosaji, adhabu uliyopewa mtoto kwa jina la Mungu. Usianze na maswali ya kuwapo au kutokuwapo kwa Mungu. Anza na jeraha, na kama kosa lilikuwa la jinai, jua kwamba kulipeleka mbele ya sheria hakuhitaji uwe umeshaamua unaamini nini. Ukipona, huenda ukagundua hukuwa na ugomvi na mbingu hata kidogo. Au ukagundua ulikuwa nao. Vyote viwili ni sawa.

Kuna iliyokufa kwa msiba. Uliomba mtu asife, akafa. Hapa hoja hazisaidii, za kutetea wala za kupinga; huyo anahitaji kulia kwanza.

Na kuna iliyofifia tu kama rangi ya nguo inayofuliwa. Hii ndiyo inayowachanganya watu zaidi, kwa sababu haina siku wala kisa, na mwenyewe hubaki anajilaumu kwa uvivu.

Hatua ya tatu: usigundishe kioo

Katikati ya kazi hii utapata siku ya hamu kali. Utasema, ngoja nirudi tu niamini kama zamani, nitulie. Karne ya 11 mtu mmoja alishaliona hili. Abu Hamid al-Ghazali, mwanazuoni wa Kiislamu, alikuwa mwalimu mkubwa katika madrasa ya Nidhamiya mjini Baghdad. Mwaka 1095 ulimi wake ulifunga hata akashindwa kufundisha. Chakula hakikushuka, na matabibu wakamwambia ugonjwa umetoka moyoni. Aliacha cheo akaondoka mjini. Baadaye alisimulia kwamba mtu mwenye imani ya kurithi huishi nayo salama maadamu hajui kuwa ni ya kurithi. Akishajua, kioo kimevunjika, na vipande vyake havigundishiki. Dawa ni kukiyeyusha kwa moto na kukifinyanga upya.

Ghazali alirudi kwenye dini yake, ila alirudia mlango mwingine. Wewe huenda ukarudi, huenda usirudi. Ninachokuzuia ni gundi tu. Kujilazimisha kusadiki, kukazana kusali mara mbili zaidi, kukimbilia mahubiri makali ili uogope tena: hivyo vyote ni gundi. Nilivijaribu vyote. Vinashika wiki tatu hivi.

Hatua ya nne: kaa msiba

Umefiwa, na hakuna anayekuja kukupa pole. Mtaalamu wa misiba Kenneth Doka, katika kitabu chake cha 1989, alieleza huzuni ya namna hii: msiba ambao jamii haiutambui, kwa hiyo mfiwa hana ruhusa ya kuomboleza hadharani. Aliyepoteza imani yuko humo moja kwa moja. Waliobaki ndani humwona msaliti, waliotoka zamani humwambia afurahi amekuwa huru, naye kumbe analia kwa kumkosa rafiki aliyekuwa akizungumza naye kila usiku tangu utotoni. Kama uliwahi kumpenda Mungu, kubali kwamba umempoteza mpenzi. Usimruhusu mtu mwenye akili nyingi akwambie huwezi kumlilia asiyekuwapo.

Njia moja ya kuomboleza ni kuandika. Mwaka 1986 James Pennebaker na Sandra Beall walichapisha utafiti ambao ndani yake wanafunzi waliandika dakika 15 kwa siku, siku 4 mfululizo. Walioandika juu ya mambo yaliyowaumiza, wakaweka kisa pamoja na hisia zao, walisononeka zaidi mara tu baada ya kuandika, lakini katika miezi iliyofuata walikwenda kwa daktari mara chache zaidi. Tafiti zilizofuata zimeonyesha kwamba faida yake ni ya wastani na haimpati kila mtu, basi usiitarajie miujiza. Ukitaka kujaribu, siku ya kwanza andika kilichotokea. Ya pili, unachokikosa. Ya tatu, unachokasirikia. Ya nne mwandikie barua huyo uliyekuwa ukisali kwake, umwambie lolote, hata matusi. Halafu ichome au ifiche. Kama baada ya siku mbili unaona unazama tu, acha.

Hatua ya tano: hofu iliyobaki mwilini

Akili inaweza kuacha kuamini Jumatatu, mwili ukaendelea kutetemeka kwa miaka. Mtu mzima, msomi, hasadiki moto wa milele, lakini radi ikipiga usiku anajikuta ameshatubu. Usione aibu. Hofu uliyofundishwa ukiwa na umri wa miaka 5 haikuingia kwa hoja, kwa hiyo haitatoka kwa hoja peke yake.

Hata hivyo kuna swali moja lililonisaidia, na nimeona likiwasaidia wengine: je, unaiogopa jehanamu ya dini nyingine, ile usiyolelewa ndani yake? Inaelezwa kwa kina vilevile, ina waumini wanyofu vilevile, na kwa mujibu wake wewe ni mkosaji tangu uzaliwe. Lakini unalala usingizi. Basi tofauti iko wapi? Iko kwenye malezi. Samaki mkunje angali mbichi, nawe ulikunjwa.

Hofu ikija usiku, usijadiliane nayo. Keti, miguu iguse sakafu. Toa pumzi polepole kuliko unavyoivuta, mara kumi hivi. Kisha sema kwa sauti: "Hii ni hofu ya zamani. Nilifundishwa na fulani, nikiwa na umri fulani." Kuitaja kwa jina la aliyekupa huipunguza. Kwangu ilichukua muda wa mwaka mzima hadi ikawa ni mgeni anayepita badala ya mwenye nyumba.

Lakini ikiwa unaota jinamizi mara kwa mara, ikiwa huwezi kuacha kurudia kunawa au kutubu au kukariri maneno hadi "yatoke sawasawa", au ukianza kuwaza kujiua, hapo mwongozo hautoshi. Wasiwasi wa kidini wa kurudiarudia ni ugonjwa unaojulikana na unatibika. Nenda kwa mtaalamu wa afya ya akili, na kabla ya kikao cha kwanza muulize waziwazi: "Utaniheshimu nisiporudi kwenye dini?" Akisitasita, tafuta mwingine.

Hatua ya sita: acha pengo kwanza

Mwaka wa kwanza usijiunge na chochote. Pengo linauma, na penye pengo huja wachuuzi. Wapo wenye dini mpya, wenye mafunzo ya siri yanayolipiwa ngazi kwa ngazi, na wenye nguvu za ulimwengu zinazokungoja wewe tu. Aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka, wanasema wahenga, lakini mimi nimeona kinyume chake mara nyingi: aliyetoka kwenye kundi lililombana hujikuta katika jingine linalombana vilevile, kwa kuwa hilo ndilo joto la nyumbani analolijua. Kipimo changu ni kimoja. Muulize kiongozi wao swali gumu mbele ya watu, kisha angalia wanavyokutendea wiki inayofuata.

Kuna mtego wa upande wa pili pia, nao ni kuwa mhubiri wa kutoamini. Kama kila jioni unatafuta waumini wa kubishana nao, bado unaishi katika nyumba ile ile, umebadili chumba tu. Nilikaa humo miezi minane. Sikumshawishi hata mtu mmoja.

Na jina? Watu watataka kujua sasa wewe ni nani. Mwingereza Thomas Huxley, akiwa katika chama cha wanafikra ambamo kila mmoja alikuwa na lakabu ya imani yake, alijiona kama mbweha aliyekatika mkia kati ya mbweha wenye mikia. Mwaka 1869 akajitungia jina la agnostiki, yaani mtu asiyedai kujua. Ukipata jina linalokukaa, livae. Usipolipata, tembea bila mkia.

Hatua ya saba: jenga kidogo, ujaribu kwa mwezi

Rudi kwenye karatasi yako ya furushi. Tazama ulipoandika "li hai" katika sehemu ya pili, uchague jambo moja. Moja tu. Lifanye kwa siku 30, saa ile ile, kwa muda mfupi kiasi kwamba huwezi kupata kisingizio.

Kama uliandika sala, jaribu kukaa kimya dakika 10, au kutaja kwa sauti majina ya watu unaowatakia heri, bila kumwelekezea mtu yeyote. Kama uliandika toba, jioni jiulize nani umemkosea leo, kisha kesho yake mwendee mtu huyo mwenyewe. Ni ngumu kuliko kutubu kwa Mungu, ujue. Kama uliandika sadaka, endelea kutoa, na uchague mwenyewe pa kutolea. Aliyeandika nyimbo aimbe. Aliyekuwa akipata mshangao wa ibada aende mahali penye anga pana usiku usio na mbalamwezi, bila simu, akae hadi shingo ichoke.

Tahadhari moja juu ya kutafakari kwa macho yaliyofumbwa, ambako siku hizi hupendekezwa kwa kila ugonjwa: kwa baadhi ya watu, hasa waliojeruhiwa, ukimya huo hufungua vitisho vya zamani. Ikikutokea, fumbua macho, au tafakari huku unatembea. Si udhaifu wa roho.

Mwezi ukiisha jiulize: nimekuwa mpole zaidi kwa watu wa nyumbani? Ninaweza kuruka siku moja bila kuogopa adhabu? Ningelifanya hata kama hakuna anayejua? Ukijibu ndiyo mara tatu, liendeleze. Swali la pili ndilo la muhimu zaidi. Ibada usiyoweza kuiruka bila hofu ni furushi lile lile limerudi kichwani.

Hatua ya nane: wazazi na ukoo

Siku ya kusema ikifika, sema na mmoja mmoja, ukianza na yule atakayeumia zaidi akisikia kwa wengine. Usipeleke hoja. Mzazi anayesikia mtoto wake ameacha dini hasikii hoja. Anasikia kwamba atatengana naye milele, na kwamba alishindwa kumlea. Jibu hayo mawili kwanza.

"Mama, nina jambo zito, na naomba unisikilize hadi mwisho. Imani uliyonilea nayo siishiki tena kama zamani. Hukukosea kunilea. Huruma na ukweli ulionifundisha bado ninao, na ndio ulionifanya nishindwe kukuficha."

"Kwa hiyo utakwenda motoni, mwanangu, na mimi nikitazama?"

"Najua ndicho unachokiogopa. Niombee, Mama. Sitakukataza."

Hiyo sentensi ya mwisho ilinigharimu, lakini ndiyo iliyobakisha mlango wazi. Kumruhusu anayekupenda akuombee si kukubali anachoamini. Kisha jitayarishe kwa mjomba au shangazi atakayekurushia "mwacha asili ni mtumwa". Usijibu methali kwa methali, mtakesha. Sema, "Nimekusikia, Mjomba," na uulize habari za afya yake.

Amua mapema pia mipaka ya sherehe. Kwenye maziko na harusi, mimi husimama wanaposimama na hunyamaza wanaposali. Nikiombwa kuongoza sala, hukataa kwa upole. Mpaka wako unaweza kuwa kwingine, bali uwepo kabla hujafika mlangoni.

Hatua ya mwisho, ambayo wengi huiruka

Andika unavyotaka uzikwe. Siku hiyo hutakuwapo kusahihisha, na walio hai watagombana juu yako: wa zamani watataka ibada kamili, wa sasa watasema ungekataa. Karatasi moja yenye sahihi na tarehe, nakala kwa watu wawili wanaoaminiana, inatosha. Eleza kama sala zisomwe au zisisomwe, na nani aongoze. Fikiria pia waliobaki, kwa kuwa wanaoumia siku hiyo ni wao. Itazame upya kila baada ya miaka kadhaa, maana "sijui" zako zitakuwa zimehama.

Mimi nimeruhusu waimbe. Wimbo wa utotoni, ubeti wa kwanza na wa tatu. Wa pili sikuwahi kuusadiki hata nilipokuwa mtoto.